Chonga Huzaliwa Chini: Ukungu wa Kijani na Minazi Yetu



Ukitembea katika mashamba ya minazi ya Kwale au Kilifi, inua macho utazame makuti. Hutakwenda mbali kabla ya kuona kuti lililokatwa pembetatu pande zote mbili, kama kwamba mtu amepanda na mkasi. Hakuna aliyepanda. Kuti hilo lilitobolewa zamani, likiwa bado limekunjwa ndani ya kilele, na lilipofunguka tundu moja likaonekana kuwa mapengo mengi yaliyolingana. Mwenye kazi hiyo ni chonga, yule mbawakawa mkubwa mweusi mwenye pembe, ambaye usiku hufuata taa na kugonga ukuta kwa kishindo.

Mnazi mkubwa huvumilia. Hupoteza makuti, hupoteza na nazi kadhaa, lakini huendelea. Mnazi mchanga ndio unaotuumiza. Chonga akiutoboa mche wa miaka miwili au mitatu mpaka akafika kwenye moyo, mche huo umekwisha, kwa sababu mnazi una kichwa kimoja tu na hauchipui upande. Hata asipoufikia moyo, tundu lake huwa mlango wa dudu mwingine mwenye pua ndefu, yaani fukusi wa minazi, ambaye mabuu wake hula shina kwa ndani. Vikundi vingi vya pwani vimepanda miche ili ichukue nafasi ya minazi iliyozeeka. Mnazi wetu mrefu huhitaji miaka sita au saba kabla ya kuzaa. Basi mche unaokufa mwaka wa tatu si bei ya mche tu. Ni miaka mitatu ya kuteka maji na kupalilia ambayo hairudi.

Watu huuliza, "Dawa iko wapi?" Dawa za sumu zipo, lakini hebu fikirini. Chonga amejificha ndani ya tundu, huko juu, na kilele hicho hicho ndicho kinachotupa madafu (na tembo pia, ambalo hatutalizungumzia hapa). Kumpandisha mkwezi na chupa ya sumu kila mwezi ni gharama na ni hatari. Katika toleo hili tunaeleza njia nyingine, ambayo kazi yake hufanyika chini: kumwambukiza chonga ugonjwa wake mwenyewe.

Adui wa juu, kitalu cha chini

Jambo la kwanza ni hili, na likieleweka mengine ni rahisi. Chonga hazaliwi juu ya mnazi. Juu huenda kula tu. Jike hushuka kutaga mayai ndani ya kitu kinachooza: gogo la mnazi lililoanguka, kisiki, mnazi uliokufa ukiwa umesimama, lundo la samadi ya ng'ombe, shimo la mboji, unga wa mbao uliorundikwa palipopasuliwa mbao. Yai huanguliwa baada ya siku kumi hivi. Buu hula uozo huo kwa miezi kadhaa, akinenepa mpaka anapita kidole gumba cha mwanamume, halafu hujijengea kijumba, hulala kimya wiki chache, kisha hutoka akiwa na mabawa. Tangu yai hadi chonga kamili ni kama miezi minne hadi sita. Muda huo wote yuko chini, pale unapoweza kumfikia kwa jembe.

Mimi nililijua hili kwa gharama. Niliambiwa kwamba miche inapenda samadi, nikamwaga mkokoteni mzima kando ya miche yangu nikaiacha hapo iive. Mvua ikaja, kazi nyingine zikaja, nikasahau. Baadaye miche minne ilikufa, mmoja baada ya mwingine. Tulipolichimbua lundo lile tulitoa mabuu nusu ndoo. Nilikuwa ninafuga chonga, tena kwa lishe bora, hatua tano kutoka kwenye chakula chao cha ukubwani.

Ukungu unaokula wadudu

Sote tunaujua ukungu wa mkate na wa mahindi. Kuna aina nyingine ambazo chakula chao ni mdudu. Mwaka 1835 Mwitaliano Agostino Bassi alionyesha kwamba ugonjwa uliokuwa ukiwaua viwavi wa hariri kule kwao ulitokana na ukungu mweupe. Hiyo ilikuwa kabla watu hawajajua kwamba maradhi mengi huletwa na vijidudu visivyoonekana kwa macho. Mwaka 1879, huko Odessa, Ilya Metchnikoff alikuta ukungu wa kijani kwenye mabuu wa mbawakawa waliokuwa wakiharibu ngano, akaona kwamba ungeweza kutumiwa kama silaha ya mkulima. Ukungu huo wa kijani ndio metariziamu. Kwenye pakiti huandikwa Metarhizium.

Metariziamu si mmoja. Ni ukoo mkubwa, na kila tawi lina wadudu wake. Tawi linalowapenda chonga na jamaa zao lina mbegu ndefu kuliko mengine, na mwaka 2009 wataalamu walilitenga kuwa aina ya peke yake, Metarhizium majus. Shikeni jina hilo, tutarudi kwalo.

Namna unavyoua ni hivi. Mbegu zake ni ndogo sana, ndogo kuliko unga laini. Buu anapojipenyeza ndani ya samadi yenye mbegu hizo, zinamganda kwenye ngozi. Hana haja ya kuzila. Mbegu huota pale pale kama vile haragwe linavyoota, inatoa kijimzizi kinachoilainisha ngozi na kuitoboa, kisha ukungu unaenea ndani ya damu yake. Buu huacha kula na kuwa mlegevu. Kwa kawaida hufa kati ya wiki moja na tatu, na aliye mkubwa huchelewa. Maiti yake haiozi kwa harufu mbaya kama buu aliyekufa kwa jembe. Inakauka na kuwa ngumu kama kipande cha chaki. Kwanza inafunikwa na utando mweupe, halafu rangi ya kijani kibichi inajitokeza, nayo ni vumbi la mamilioni ya mbegu mpya.

Hapo ndipo watu wengi hukosea. Wakikuta buu wa kijani lunduni hushtuka na kumtupa motoni. Huyo ni rafiki! Mrudishe ndani ya lundo, tena mvunjevunje ili vumbi lisambae.

Kwa nini lunduni na si kileleni? Kwa sababu ukungu huu unaogopa jua na ukavu. Mbegu zilizopigwa na jua la mchana hufa kwa muda mfupi. Ndani ya samadi yenye unyevu na kivuli, mbegu hukaa hai kwa miezi mingi zikimngojea mdudu. Tena chonga wazima hukutana na kupandana kwenye malundo haya haya. Aliyeingia hapo hutoka na vumbi mwilini, na kabla hajafa anaweza kulifikisha kwenye gogo la jirani ambalo ninyi hamkulijua. Mdudu mwenyewe anakuwa mpeleka barua.

Jinsi lundo la mtego linavyotengenezwa

Chagueni mahali penye kivuli, mbali na kitalu cha miche. Tengenezeni jaruba la kama mita 2 kwa mita 1, kina cha nusu mita, likizungushiwa magogo ya mnazi au matofali. Lijazeni vitu ambavyo jike wa chonga anavitafuta: samadi iliyokwisha kuoza kiasi, vipande vya gogo bovu la mnazi, unga wa mbao wa zamani. Samadi mbichi yenye joto haifai, maana mabuu huikimbia na ukungu huungua. Mwagieni maji mpaka ukikamata konzi moja na kuminya, mkono ulowe lakini maji yasitiririke.

Ndipo muweke ukungu kwa kipimo kilichoandikwa na aliyewapa. Koroga ndani ya maji, nyunyiza, kisha geuza kwa uma au jembe ili ushuke chini kabisa, maana mabuu hawakai juu. Fanyeni jioni. Funikeni kwa makuti. Ukungu huu hauwaambukizi watu wala ng'ombe, lakini vumbi lolote la ukungu linaweza kumsumbua mwenye pumu, kwa hiyo fungeni kitambaa puani wakati wa kuchanganya na mnawe mikono baadaye.

Baada ya hapo kuna kazi moja ambayo haina furaha ya siku ya kwanza: kurudi. Kila wiki mbili angalieni unyevu. Kila mwezi chimbueni sehemu mhesabu. Mabuu wazima wakubwa wakizidi na wa kijani hawaonekani, ukungu haujashika. Hapo waokoteni mabuu mkawape kuku, muongeze ukungu, mtazame kama lundo limekauka. Nasema hili kwa mkazo kwa sababu nawajua wanakikundi, na mimi ni mmoja wao. Siku ya kujenga tunakuja arobaini, siku ya kumwagia maji anakuja katibu peke yake. Lundo lililosahauliwa linawazaa chonga kama lile la samadi yangu. Kama kikundi hakina watu wa kulitunza, ni afadhali msilijenge.

Si kila buu ni chonga

Katika mboji kuna mabuu wengine weupe walionona ambao hawana ubaya. Hao ni watoto wa mbawakawa wa maua, na huisaga mboji yetu vizuri. Mweke buu juu ya ubao laini umwangalie. Akijigeuza chali na kutembea kwa mgongo, miguu ikiwa hewani, mrudishe lunduni aendelee na kazi. Buu wa chonga hulala ubavu akijikunja kama ndoana, na kichwa chake ni kikubwa, cha kahawia. Watoto hulipenda jaribio hili, na hulifahamu haraka kuliko sisi.

Waliotutangulia

Mwaka 1909 binamu wa chonga wetu kutoka Asia aliingia visiwa vya Samoa, katika Bahari ya Pasifiki, pamoja na miche ya miti ya mpira iliyotoka nchi inayoitwa sasa Sri Lanka. Wajerumani waliotawala wakati huo waliwaamuru watu wakusanye mabuu na mbawakawa, na wataalamu wao wakaujaribu ukungu wa kijani ndani ya malundo ya mitego. Ulisaidia, lakini haukumaliza tatizo. Mwaka 1963 Mjerumani Alois Huger aligundua kule Malaysia kirusi kinachowaua mbawakawa hawa, na kilipopelekwa Samoa mwaka 1967 idadi yao ilishuka sana. Watu wakausahau ukungu. Lakini mwaka 2007 kule Guam walionekana mbawakawa ambao kirusi kile hakiwatishi, na ukungu ukarudishwa kazini. Kwa hiyo asiwadanganye mtu kwamba huu ni muujiza, wala kwamba ni mchezo wa wazee. Ni chombo kimoja kati ya vyombo kadhaa.

Mfano ulio karibu na hali yetu uko Kerala, India Kusini. Kule kila nyumba ina minazi yake michache na ng'ombe wake mmoja au wawili, mashamba yamebanana kama yetu. Kituo cha utafiti wa minazi cha Kayamkulam kiliona kwamba mtu mmoja akitibu shimo lake la samadi na majirani kumi wasitibu, ni bure, kwani chonga huruka. Wakaenda kwa vikundi vya akina mama. Maabara iliwapa mbegu mama, nao akina mama wakaikuza juu ya mchele uliopikwa nusu na kutiwa katika mifuko safi. Kwa muda wa kama wiki mbili mchele ukageuka kijani, na mifuko hiyo ikagawiwa nyumba kwa nyumba mpaka mashimo ya samadi ya mtaa mzima yametibiwa. Kilicholeta faida pale ni mtaa mzima kufanya kwa pamoja.

Onyo kuhusu ukungu wa nafaka

Hapa nawaomba msome polepole. Mtu akisikia "ukungu wa kijani juu ya mchele" anaweza kufikiri, "Si hata mahindi yangu ghalani yana ukungu wa kijani? Nitatumia huo." La, hasha! Ukungu wa kijani wa mahindi mara nyingi ni ule unaotoa sumu ya aflatoksini. Mwaka 2004, pande za Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo na 125 wakafa. Mtu hawezi kuutofautisha ukungu mmoja na mwingine kwa macho tu. Msianzishe kukuza ukungu wowote nyumbani bila mbegu mama kutoka maabara na bila mtaalamu wa kuwaonyesha. Na mchele uliokuziwa ukungu, hata ukiwa ule mzuri, usikae jikoni wala usipewe kuku.

Ukungu mtaupata wapi? Anzeni kwa afisa wa kilimo wa wadi yenu na kituo cha utafiti cha KALRO kilichoko Mtwapa. Kule Nairobi kuna icipe, taasisi ya utafiti wa wadudu iliyoanzishwa mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, ambayo imetoa aina za metariziamu zinazouzwa hapa Kenya. Lakini angalieni: ile iitwayo ICIPE 69 ni ya wadudu kama vithiripi na nzi wa matunda. Ni ndugu wa ukungu wa chonga, lakini ndugu si mtu yule yule. Mwulizeni mwuzaji swali moja: "Huu umejaribiwa kwa chonga?" Akizungukazunguka, shikeni pesa zenu. Tazameni pia kama pakiti ina namba ya bodi ya serikali inayosajili dawa za wadudu, PCPB, na kama tarehe haijapita. Ukungu ni kitu hai. Uliokaa dukani juani miezi minane pengine ni vumbi tu.

Na wadudu wengine wanaotoboa miti?

Wasomaji wenye michungwa na kahawa watauliza kama njia hii inawafaa. Shida ya mdudu anayeishi ndani ya mti mgumu ni kwamba mbegu za ukungu hazimfikii humo. Wajapani walitafuta ujanja. Tangu miaka ya 1990 wamekuwa wakitumia mikanda ya kitambaa iliyooteshwa ukungu jamaa ya ule wa Bassi, wakiifunga kwenye mashina ya miforosadi na michungwa. Mbawakawa mwenye papasi ndefu anapotoka ndani ya mti hutembea juu ya shina kabla ya kutaga, hukanyaga mkanda, na ugonjwa unaanza. Ni akili ile ile ya lundo: usimfuate mdudu alikojificha, mngojee anapolazimika kupita.

Kwa minazi, wakati ukungu unafanya kazi chini, msiache kazi za juu. Miche ikaguliwe kila wiki. Ukiona makapi kama ya kamba zilizotafunwa yakitoka kwenye tundu, ingiza waya wenye ndoana umvute chonga. Mchanga uliochanganywa na mbegu za mwarobaini zilizotwangwa, ukitiwa katika makwapa ya makuti machanga, humzuia asianze.

Na kabla ya kuchanganya konzi ya kwanza ya ukungu, zungukeni mtaa mzima mkiwa na shoka. Magogo yaliyolala, visiki vilivyolainika na minazi iliyokufa ikiwa imesimama ipasuliwe, mabuu waokotwe, na kuni zilizobaki zianikwe au zichomwe. Pale ambapo mwenye shamba yuko Mombasa au Nairobi, mzee wa mtaa atafute ruhusa yake kwa simu. Jike akiwa na gogo la bure kwa jirani, haji kwenye mtego wenu.